Kopa kwa Jirani

Saa tano usiku nimeliegesha gari Kizuiani,
nikalipapasa ubavu kama ng'ombe wa kuazima.
Ufunguo nalala nao mimi.
Gari halilali kwangu.

Leo limeingiza laki moja na tisini na sita.
Ukiitaja hivyo, harakaharaka, watu watakupisha kwenye benchi.
Lakini dizeli imekunywa sabini,
tisini ni hesabu ya tajiri,
elfu sita za vijana wanaowaita abiria
ambao walikuwa wanakuja wenyewe,
tatu za kuosha, nne za wali maharage, mimi na konda.
Mkude kaondoka na kumi yake, anaipiga piga kwenye paja.
Mimi nina kumi na tatu
na mgongo.

Tunamwita tajiri kwa sababu neno lingine hatuna.
Ni nesi mstaafu, Bi Mwanaidi,
anajipima presha mwenyewe kila asubuhi
kisha ananipigia: "Umeshatoka?"
Kiinua mgongo chake alikinunulia Kosta ya mtumba,
kilichopelea akajazia kwa mkopo,
na sasa kiinua mgongo chake
kinauinamisha wangu.
Nimejaribu kumchukia.
Foleni ya Mtongani ilikuwa imesimama, nilikuwa na nafasi,
nikajaribu dakika arobaini nzima,
nikaishia kukumbuka mwaka ule nilipokanyaga msumari
akanichoma sindano ya pepopunda, hakunidai kitu.

Mkataba? Uko mdomoni mwake.
Akipiga miayo naogopa.

Chausiku hajalala. Anasubiri mia nne,
nauli yake ya kesho, kwenda na kurudi,
atampa konda wa mwenzangu
kama mimi ninavyopokea za watoto wa wenzangu.
"Baba, mwalimu kasema tulete hesabu ya kutoa,
ya nyumbani, siyo ya kitabuni."

Basi andika, mwanangu.
Unga, elfu tatu na mia nne.
(Mama yake, kutoka jikoni: "Umepanda! Mia tano!"
Halafu: "Lakini Mangi kanipunguzia. Andika nne.")
Dagaa, elfu moja mia tano.
Mafuta ya kupima, mia nane, yale ya kifuko
yanayoisha wakati unafungua fundo.
Madumu matatu ya maji, mia tisa.
Mkaa kopo moja, elfu moja mia tano.
Wewe, mia nne.
Kipande cha sabuni, mia mbili na nusu ya mia.
Akajumlisha, ulimi nje:
elfu nane, mia saba na hamsini.

Akaipanga chini ya kumi na tatu elfu, safu kwa safu.
"Sifuri toa sifuri, sifuri.
Sifuri toa tano, haitoki. Kopa kwa jirani."
Akanyamaza.
"Jirani naye sifuri."

Nikatazama ukutani, upande wa kina Shomvi,
ambao juzi walikuja kuomba chumvi
na jana kibiriti.
"Inakuwaje hapo?" nikamwuliza.
"Unamruka. Unakwenda kwa yule wa mbele yake,
anakopa yeye, ndipo anakukopesha wewe."

Ndiyo hivyo. Hata Bi Mwanaidi hivyo hivyo.

Jibu: elfu nne, mia mbili na hamsini.
Akapiga mistari miwili chini yake kwa ukingo wa kitana.
Nikamwambia umepata.
Kodi sikuitaja. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo,
na ukurasa ulikuwa umeshajaa.

"Baba, yule tuliyemkopa pale juu,
tunamrudishia lini?"

Nikamwambia alale.
Akalala na penseli mkononi, nikashindwa kuitoa.

Saa kumi kasoro robo simu ikatetemeka chini ya mto.
"Umeshatoka?"
"Niko barabarani, mama," nikajibu,
huku natafuta kiatu cha pili kwa mguu.